Mgeni wa Chupa ya Peremende

Kabla hajaenda Tanga, Nahumu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliporudi alikuwa na mengi ya kusimulia, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Ilikuwa enzi ya Waingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Vijana wengi wa Ubena walipanda malori pale Makambako kwenda kukata mkonge, wakarudi na mablanketi, baiskeli na hadithi. Blanketi watu walilishika, baiskeli waliipanda. Hadithi ndizo zilizowakera wazee. Kijana mmoja alisema kwamba huko kuna samaki warukao juu ya maji kama mbayuwayu. Mwingine alisema kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, mvua iwepo isiwepo. Watu walicheka, wakawaongezea pombe ili waendelee kudanganya.

Hadithi ya Nahumu iliwashinda zote. Alisema kwamba kwenye mawe ya ufukweni huota ua jekundu, lisilo na jani wala shina, lenye kinywa katikati. Ukiligusa, hujifumba likawa kama ngumi ya mtoto. Na chakula chake ni samaki.

Kosa lake ni mahali alipoisimulia. Aliisimulia katika nyumba ya Mzee Yosefu, siku ambayo yeye na mshenga wake walikwenda kumposa Fidelia, binti wa mzee huyo.

Mzee Yosefu alikuwa mzee wa kanisa katika kijiji chetu, upande wa Kidugala, naye alikuwa mtu wa kuhakikisha. Mahindi ya mbegu aliyang'ata moja moja kabla ya kuyapanda. Mchungaji alipotaja sura na mstari, Mzee Yosefu alifungua kitabu chake atazame, kisha ndipo aliposema amina. Siku ile alimsikiliza Nahumu mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mwanangu, ukinidanganya juu ya ng'ombe, nitakwenda zizini. Ukinidanganya juu ya shamba, nitalipima kwa miguu yangu. Bahari nitaipimia wapi? Hapa kwetu hakuna uongo ulio salama kama uongo wa bahari. Na mtu aliyezoea uongo salama atasema nini ndani ya nyumba ambayo binti yangu atakuwamo nami simo?"

"Baba, nimeliona kwa macho yangu," Nahumu akajibu.

"Basi uniletee nami nilione kwa yangu. Siku litakapofungua kinywa mbele yangu, nitapokea majembe yako ya mahari."

Mshenga alidhani ule ni mzaha wa kumfukuza mtu kwa adabu. Nahumu hakudhani hivyo. Nyuma ya ukuta Fidelia alikuwa akitwanga, na mchi wake ulikuwa umenyamaza tangu ua lilipotajwa. Msimu uliofuata Nahumu akapanda tena lori la mkonge.

Huko pwani alimtafuta mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza kwenye miamba maji yalipopwa. Aliposikia kwamba kijana wa bara anataka kulipeleka lile ua milimani, yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, akamfundisha. Kwanza, lile si ua, ni mnyama, na lazima achukuliwe pamoja na jiwe lake, kwa sababu ukimbandua utamchana tumbo. Pili, maji yake yasiwekwe katika debe, maana bati humdhuru. Yawekwe katika kioo. Maji yakipungua kwa jua, chumvi haipungui nayo. Basi atie alama kwenye chupa, na kila yanaposhuka chini ya alama aongeze maji ya mvua, asiongeze chumvi. Mwisho alimwambia kwamba mnyama yule akijifumba asilazimishwe. Anajifumba kwa sababu ya shida, si kwa kiburi.

Nahumu alirudi na chupa kubwa ya kioo, ile ambayo wenye maduka huwekea peremende. Ndani yake mlikuwa na maji ya bahari, jiwe la ukubwa wa kiazi, na juu ya jiwe yule mnyama. Alirudi pia na mitungi miwili ya kioo iliyosukiwa ukindu, imejaa maji ya bahari ya akiba. Njia nzima, katika malori na katika vituo, aliipakata ile chupa kama mama aliyetoka kujifungua. Makuli walimwuliza amebeba dawa gani. Alipowaambia, wakampisha wakakaa mbali naye, naye akapata nafasi nzuri ya kunyoosha miguu.

Makambako lori liliposimama, akaiweka chupa juani kwenye baraza ya duka. Asubuhi ilikuwa ya baridi na jua lilikuwa jeupe. Baada ya muda lile donge jekundu likaanza kulegea. Juu yake pakatokea tundu, na kandokando ya tundu vikachomoza vidole vyembamba, vingi, vyekundu, vikinyooka polepole kama mtu anayejinyoosha akiamka usingizini. Wabeba mizigo waliacha mizigo yao. Mwanamke mmoja kutoka Ludewa, aliyekuwa akiuza vyungu, aliinama akatazama sana, kisha akaamkia kwa kikwao na kuuliza swali ambalo Nahumu alikuja kulisikia maisha yake yote: "Kamwene, baba. Na chenyewe hula nini?"

Habari ikatangulia kufika kijijini.

Mama yake Nahumu, Noela, alikuwa mjane mwenye nyumba safi na jina jema. Jina lile alilipata kwa jambo moja: hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake na njaa. Hata mwaka wa nzige, alipokuwa na viazi vichache tu katika kikapu, alimchemshia mpita njia kimojawapo, yeye akanywa maji ya moto akalala. Aliiangalia ile chupa, akamwangalia mwanawe, akauliza kiumbe yule ametoka wapi. Alipoambiwa ametoka Tanga, akapiga kofi moja dogo la huruma. "Safari yote hiyo! Basi ni mgeni wetu."

Tangu hapo jina lake likawa Mgeni.

Nahumu alifikiri adui wake mkubwa ni baridi, maana Juni ilikuwa imeingia na umande ulikuwa ukiganda nyasini. Akatwaa chungu kikubwa, akakijaza makapi ya ngano, akaizamisha chupa humo mpaka shingoni, kama watu wanavyohifadhi uji usipoe. Jua likipanda, aliitoa chupa akaiegemeza ukuta wa mashariki. Jua likiinama, aliirudisha katika makapi na kuitupia blanketi lake la Tanga, yeye akajifunika lile la zamani lenye matundu. Baridi aliiweza. Alichokisahau ni kwamba mchana yeye yupo shambani, na mama yake yupo nyumbani na wageni.

Watu walikuja kutoka kila upande. Walikuja wanafunzi wa Kidugala na madaftari yao wakachora. Walikuja Wakinga kutoka Makete waliokuwa wakipeleka viazi sokoni, wakavua vikapu mgongoni wakapiga magoti mbele ya chupa. Na kwetu mtu hamtembelei mgeni wa watu mikono mitupu. Huyu alileta harage lililochemshwa laini, huyu kipande cha ugali, mwingine dagaa wa Ziwa Nyasa, mwingine utumbo wa kuku. Kila mmoja alidondosha chake ndani ya chupa na kuondoka ameridhika. Mnyama yule alivikamata vile alivyoviweza, na asivyoviweza vikazama nyuma ya jiwe. Noela naye, kila asubuhi kabla hajaonja kitu, alimtilia tone la maziwa.

Jumapili Mzee Yosefu alipokuja baada ya ibada, na Biblia yake kwapani, maji yalikuwa na utandu kama maji ya kuoshea mchele. Akaketi kwenye kigoda. Watu wakajipanga nyuma yake. Ndani ya chupa palikuwa na donge limejifumba, limesinyaa, limepoteza wekundu wake.

Alitazama muda mrefu. Kisha akainuka akajipangusa magoti.

"Naona figo ya mbuzi," alisema.

Waliokuwa nyuma walicheka, naye hakucheka. Wale waliokuwepo Makambako walijaribu kushuhudia, lakini Mzee Yosefu aliwaambia kwamba yeye hakuagiza mashahidi, aliagiza ua. Akiwa mlangoni alimgeukia Nahumu akasema kwamba mahindi yakishavunwa atakuja mara nyingine, ya mwisho, kwa kuwa hataki binti yake azeeke akingoja figo ifungue kinywa.

Wiki ile Nahumu hakulala vizuri. Aliisogeza chupa karibu na moto, na maji yakanuka moshi. Akaiondoa. Akashika fundo la chumvi, akalikumbuka neno la yule mama wa pweza, akalirudisha. Kijijini watoto walipompita njiani waliulizana kwa sauti kama figo imeiva.

Siku chache baadaye shangazi yake Fidelia alikuja kwa Noela kuazima ungo, na Fidelia akiwa nyuma yake amebeba kikapu. Haikuwa desturi msichana anayeposwa kuingia kwa wale wanaomposa, lakini ungo ni ungo, na shangazi yule alijua kuazima vitu kwa wakati wake. Fidelia alisalimu akiwa amepiga goti, kisha akaisogelea ile chupa. Hakumtazama yule mnyama kwanza. Aliyatazama maji, akanusa, akainamisha kichwa aone nyuma ya jiwe.

"Mama," akamwuliza Noela kwa heshima, "chungu kikilaliwa na maharage siku nyingi, maji yake yananukaje?"

Noela akasogea akanusa.

"Kuna maharage huku nyuma yamevimba. Na kitu kingine, nadhani ni utumbo. Huyu hana shida ya baridi. Amevimbiwa, halafu analazimishwa kukaa ndani ya mabaki yake."

Nahumu, aliyekuwa akitengeneza mpini wa jembe mlangoni, aliinuka. Alikumbuka kwamba baharini maji huja na kuondoka, huja na kuondoka, na kila kujaa na kupwa huondoa uchafu. Katika chupa ya peremende hakuna kupwa. Akamwambia mama yake kwamba kuanzia leo mtu yeyote asimpe Mgeni chakula, naye mwenyewe asimpe, mpaka atakapofunguka.

Ni hapo tatizo lilipogeuka sura. Noela aliketi chini, akavuta khanga yake mabegani. Alisema kwamba ameelewa, na kwamba maji yananuka kweli, hakatai. Lakini watu wanaingia humu ndani, na mgeni yupo mbele yao, na chombo chake kitupu. Watasema nini? Watasema Noela amechoka. Watasema amemtoa mgeni Tanga ili aje kumshindisha njaa.

"Mwanangu, niombe kitu kingine," alisema. "Hicho sijakifanya tangu niolewe."

Kumwambia mama yule awe mchoyo kwa mgeni ni kama kumwambia mchungaji auze kengele ya kanisa. Shangazi alishika ungo wake lakini hakuondoka. Nje kuku walikwaruza, na kwa muda ilionekana kwamba mnyama yule atakufa kwa heshima.

Noela ndiye aliyetafuta mlango wa kutokea. Aliwaza kwa sauti, kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mboga. Alisema kwamba mgeni ni mgeni siku za mwanzo. Huyu ameshakaa. Ameona mwezi ukifa na mwingine ukizaliwa akiwa humu. Analala chini ya blanketi la nyumba hii. Basi pengine tumekosea kumwita mgeni. Mtoto wa nyumbani haandaliwi kila anapopita mtu. Mtoto wa nyumbani hula vilivyopo, na siku nyingine huambiwa ngoja. Na mpita njia hamlishi mtoto wa watu bila kumwuliza mama yake.

"Nami wa mwisho kumzaa ni wewe, Nahumu, na baba yenu akafa," alimaliza. "Huyu atakuwa kitindamimba wangu."

Shangazi alicheka akasema kwamba hajawahi kuona mama aliyejifungua bila kupiga yowe. Fidelia aliangalia chini, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Siku ile ile walimwaga yale maji machafu. Nahumu alilisugua jiwe pembeni kwa unyoya wa kuku bila kumgusa mnyama, akaichota mizoga ya maharage, akajaza chupa kwa maji ya mtungi wa akiba. Wageni waliendelea kuja na vijidonge vyao mkononi, na Noela aliwapokea mlangoni. Kilicholetwa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawapa kuku. Aliwaeleza kwamba Kitindamimba ameshakula, na kwamba yeye mama yake ndiye ajuaye saa. Hakuna aliyemwona mchoyo. Waliona ana mtoto mwenye tumbo dhaifu, jambo ambalo kila nyumba inalifahamu.

Wekundu ulianza kurudi, lakini hakufunguka. Mahindi yalivunwa, na Mzee Yosefu akaja kama alivyosema.

Alikuta donge. Lilikuwa jekundu zaidi, limetuna zaidi, lakini ni donge. Alimwuliza Nahumu kama litafunguka leo.

Nahumu alikuwa na majibu mengi ambayo yangemfaa. Angeweza kusema lilifunguka jana. Angeweza kusema kesho, bila shaka. "Sijui, baba," alisema. "Tangu lipate nafuu sijaliona limefunguka. Nikikwambia litafunguka, nitakuwa nimesema nisilolijua."

Mzee Yosefu alimwangalia muda mrefu kidogo kuliko alivyokuwa akimwangalia siku zote, kisha akavuta kigoda. Alisema miguu yake imechoka, atapumzika, wao waende shambani wakabebe mahindi yao. Noela alimwachia kibuyu cha togwa na onyo moja: Kitindamimba asipewe kitu.

Yaliyotokea humo ndani tunayajua kwa kinywa cha Mzee Yosefu peke yake. Anasema alikaa muda mrefu, akanywa togwa yake, akakaribia kusinzia. Jua lilipoingia mlangoni likaigusa chupa. Ndipo akaona juu ya donge pametokea nukta. Nukta ikawa tundu. Kisha vikatoka vile vidole, vyembamba kama nyuzi za mahindi machanga, safu kwa safu, mpaka jiwe lote likafunikwa na ua. Alipiga magoti. Nzi akaanguka majini, akahangaika, akaguswa na kidole kimoja. Vidole vya jirani vikainama juu yake bila haraka, kama wazee wanavyoinamia neno gumu barazani, vikampeleka katikati, na kinywa kikafunguka kikampokea.

Hapo Mzee Yosefu alifanya lile ambalo kila mtu angelifanya. Alitia kidole chake. Anasema palinata kama ulimbo, na kwamba aliogopa.

Alitoka nje mbio, mzee wa kanisa, bila kofia, akiita watu kutoka mashambani. Tulimwona akipunga mikono tukadhani nyumba inaungua. Nahumu alifika kwanza, Noela baadaye na mzigo wake kichwani, na nyuma yao nusu ya kijiji. Wakajaa ndani. Katika chupa palikuwa na donge jekundu, limejifumba kabisa.

"Lilifunguka," Mzee Yosefu alisema. "Nzi akaliwa. Nimegusa kwa kidole hiki."

Watu walitazama chupa, wakamtazama yeye. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkewe ndiye aliyesogea mbele, akainama, akatazama kwa makini kama mumewe alivyomzoesha kutazama vitu, akajinyoosha.

"Baba Fidelia," alisema taratibu, "mimi naona figo ya mbuzi."

Mzee Yosefu alifungua kinywa, akakifunga. Alitaka kuapa, na alikuwa amewafundisha watu miaka mingi wasiape. Alimtafuta kwa macho mtu mmoja humo ndani ambaye angemsadiki, na mtu huyo alikuwa amesimama kando ya mlango na vumbi la mahindi kwenye nywele.

"Nahumu, waambie."

"Mimi sikuwepo, baba," Nahumu alijibu. "Lakini wewe ukisema umeliona, nimesadiki."

Mzee Yosefu aliketi tena kwenye kile kigoda. Akaomba maji ya kunywa. Alipoyamaliza, alimwagiza mkewe kwamba mshenga akija wiki ile asiukute mlango umefungwa.

Majembe yalipokewa kabla ya mvua. Fidelia aliingia nyumba ile, akaichukua kazi ya kuangalia alama kwenye chupa na kuongeza maji ya mvua. Madereva wa malori ya Dar es Salaam walimletea Nahumu mitungi ya maji ya bahari hadi Makambako, naye akaenda kuipokea kwa baiskeli. Kitindamimba alifunguka siku nyingi, mbele ya watu wengi, hata mbele ya mkewe Mzee Yosefu, aliyesema "haya basi" akaendelea na safari yake ya kisimani. Mwaka mmoja viliota juu ya kioo vidonge vidogo kama mbegu za nyanya, navyo vikafunguka, na Noela akawa bibi kabla Fidelia hajampa mjukuu. Baadaye ulikuja msimu wa barafu kali uliounguza hata mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi, na hao wote wakafa katika juma moja. Noela aliwazika chini ya mpichi, pamoja na jiwe lao.

Vijana waliendelea kwenda mkonge na kurudi na hadithi. Walipofika kwa Mzee Yosefu walijiandaa kwa maswali yake ya zamani. Hakuyauliza tena. Alimsikiliza mtu mpaka mwisho, samaki waruke au nyumba zielee, kisha akasogeza kigoda chake karibu kidogo.

"Na chenyewe," aliuliza, "hula nini?"